Dodoki la kula uani kwako Mombasa: mwongozo kamili, kutoka mbegu hadi sufuria

Nimegawa mbegu za dodoki kwa majirani na jamaa, kuanzia Kisauni hadi Likoni, na malalamiko yanayonirudia ni matatu. La kwanza: "Mmea umepanda mpaka juu ya paa, maua tele, lakini yote yanapukutika." La pili: "Yalizaa, ila yalioza yangali madogo, na ukiyapasua ndani mna mabuu." La tatu ndilo linaloniuma zaidi: "Tulipika, tukawa kama tunatafuna sifongo." Mtu aliyemwagilia mmea miezi miwili, kwa maji mengine ya kununua mkokotenini, hastahili kuishia hapo.

Nimefuatilia visa hivyo kimoja kimoja. Karibu vyote vinatokea katika siku zisizozidi 10, tangu ua jike linapofunguka hadi tunda linapokatwa. Kwa hiyo hatua za mwanzo nitazipita upesi, na hizo siku 10 nitakaa nazo kitako.

## Vifaa vya kutayarisha kwanza

- Mbegu 6 za dodoki. Mimea 2 au 3 inatosha nyumba ya watu watano. Zilizobaki ni akiba.
- Pakiti tupu za maziwa, moja kwa kila mbegu, zilizotobolewa chini.
- Samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza kabisa, ndoo 2 kwa kila shimo.
- Makumbi ya nazi makavu, au majani makavu ya kutandaza.
- Nguzo 2 za mvinje au za mti wowote mgumu, zenye urefu wa mita 2 na nusu.
- Kamba ya nailoni, au wavu chakavu wa kuvulia uliosuuzwa chumvi yote.
- Bahasha za kaki au magazeti ya zamani, uzi na kalamu. Usiviache hivi; ndivyo vitakavyookoa mavuno yako.
- Majani ya mwarobaini.
- Kwa asiye na ardhi: gunia au pipa la lita 40 kwenda juu. Ndoo ya lita 20 ni ndogo. Mmea utaota vizuri ndani yake, kisha utadumaa ufikapo wakati wa kuzaa.

## Hatua ya 1: Jua unapanda dodoki lipi

Madodoki ni ya aina mbili, na yote huliwa yakiwa machanga. Kuna dodoki laini, ambalo likikomaa ndilo la kuogea. Na kuna lenye mbavu kali kwa urefu wake, ambalo wauza mboga za Kihindi hapa mjini huliita turia. Tofauti yao si sura tu. Dodoki laini hufungua maua alfajiri, turia hufungua jioni. Shika hilo, maana litakuja kuamua saa yako ya kazi.

Usitoe mbegu ndani ya turia la kununua sokoni. Tunda la kula huvunwa changa, na mbegu zake hazijaiva. Mbegu nzuri hutoka katika dodoki lililokauka mtini.

Onyo: usiokote mbegu za dodoki linalojiotea lenyewe vichakani au kwenye magofu. Mengi ya hayo ni machungu, na uchungu huo ni sumu ya mmea wenyewe ambayo moto haiondoi. Huleta kutapika na kuharisha.

## Hatua ya 2: Chagua msimu

Joto la Mombasa linaufaa mdodoki mwaka mzima. Tena, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na mchana wetu ni wa saa 12 hivi kila siku, hatusumbuliwi na tatizo la nchi za mbali, ambako mchana mrefu wa kiangazi huufanya mmea utoe maua dume kwa muda mrefu.

Kinachotusumbua ni maji na upepo. Ukipanda mbegu mwisho wa Septemba, vuli itakukuzia mmea, lakini utazaa wakati wa kaskazi, jua kali na mifereji imekauka. Ukipanda katikati ya Juni, masika yakipungua, utapata miezi ya ubaridi na manyunyu, ila kusi itakutingishia kichanja. Mimi nachagua Juni. Upepo nitaukinga kwa makuti, lakini maji yasipokuja sina la kufanya.

Kupanda Aprili sikushauri. Mvua za Aprili na Mei huozesha mbegu, na baadaye huosha chavua kwenye maua.

## Hatua ya 3: Amsha mbegu

Ganda la mbegu ya dodoki ni gumu, na ndiyo sababu wengi hungoja wiki tatu bila kuona kitu.

Chukua kikatakucha, uchubue kidogo upande wa mviringo wa mbegu. Usiguse ncha iliyochongoka, maana huko ndiko mzizi unakotokea. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu tangu jioni hadi jioni ya pili. Kisha zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu, ukiweke mahali penye joto, na ukikague kila siku kisikauke.

Mzizi mweupe ukichomoza, fukia mbegu kwenye pakiti ya maziwa, kina cha sentimita 2. Mchanganyiko wangu ni udongo sehemu moja na samadi iliyooza sehemu moja.

Umefaulu ukiona majani mawili manene ya mwanzo, kisha majani halisi yenye pembe. Yakifika mawili hayo halisi, mche uko tayari. Usiuache mpaka mizizi ijizungushe ndani ya pakiti.

## Hatua ya 4: Shimo, hasa kwenye mwamba wetu

Sehemu kubwa ya kisiwa na pwani yake imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Udongo wake una chokaa nyingi na haushiki maji. Chimba shimo la sentimita 45 kila upande. Ukigonga mwamba kabla ya hapo, usipigane nao: jenga tuta kwa mawe, ulijaze juu.

Chini tandika makumbi yaliyochanwachanwa. Hunyonya maji na kuyaachia polepole. Ila yawe ya nchi kavu. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa kazi ya kamba yamejaa chumvi, nayo itaunguza mizizi. Juu yake tia udongo uliochanganywa na ndoo 2 za samadi.

Najua wazee wetu wengi hutia jivu kila shimo la mboga. Kwenye udongo mwekundu wa bara lina faida. Kwenye matumbawe linaongeza tatizo lile lile, kwa sababu chokaa ikizidi mmea hushindwa kupata madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga kupauka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Dawa ni mboji na samadi zaidi, na ikizidi, dawa ya chuma ya kunyunyizia majani kutoka duka la pembejeo.

Epuka pia mahali palipokuwa na bamia, nyanya, tango au boga msimu uliopita. Minyoo ya mizizi hubaki hapo, ikivimbisha mizizi mafundo mafundo.

Hamisha mche jioni. Pasua pakiti kwa wembe, uweke donge zima la udongo shimoni bila kulivunja, maana mdodoki hauvumilii kuguswa mizizi. Acha mita 1 kati ya mmea na mmea. Kwa siku 4 au 5 za kwanza uwekee kivuli cha kuti.

## Hatua ya 5: Kichanja kabla mmea haujakihitaji

Simamisha nguzo siku ile ile unayohamisha mche. Ukisubiri, utazika nguzo juu ya mizizi.

Kichanja kiwe na urefu wa mita 2, na kiwe imara kuliko unavyodhani kinahitajika. Mmea mmoja uliolowa mvua, wenye madodoki yanayoning'inia, ni mzigo mzito, na upepo wa kusi huupiga kama tanga. Funga kamba kwa upana wa shubiri, moja juu ya nyingine. Matunda yaning'inie bila kugusa chini, kwani yanayolala ardhini hupinda na kuoza.

Mabati ya paa si kichanja. Mchana huwa moto kiasi cha kuunguza ncha za mmea, na kwa kuwa huwezi kufika huko juu kila siku, matunda yote ya huko yatakomaa bila wewe kuyaona. Na tafadhali, ukiuona unaelekea kwenye nyaya za umeme, ukate mapema.

Shina likifika juu ya kichanja, kata ncha yake kwa vidole. Matawi ya pembeni yatatoka, na hayo ndiyo yenye kuzaa maua jike mengi.

## Hatua ya 6: Maji na chakula

Onja maji ya kisima kabla hujayatumia. Yakiwa na chumvi inayosikika ulimini, mdodoki utaisikia pia: kingo za majani zitakauka kama zilizochomwa. Yachanganye na maji ya mvua au ya mfereji, na yakiwa makali sana yaache kabisa. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana.

Mwagilia shinani asubuhi, nusu ndoo kwa mmea mkubwa, kila siku wakati wa jua kali, na siku moja moja ukiruka kukiwa na manyunyu. Tandaza majani makavu shinani. Kiu ya ghafla wakati wa kuzaa huangusha vitunda vichanga na kukaza nyama yake. Maji unayohifadhi yafunike, na vyombo vya chini ya magunia uvimwage, mbu wasizaliane.

Samadi ya kuku na mbolea ya kaeni (CAN, ile ya dukani) nawaomba mzishike mkono. Zote zina naitrojeni nyingi, na mdodoki ukishiba naitrojeni hutoa majani mapana ya kupendeza na maua dume matupu. Ukiona mmea umekuwa msitu usiozaa, usiongeze chochote kwa wiki 3. Vinginevyo, konzi mbili za samadi iliyooza shinani kila baada ya wiki 3 zinatosha.

## Hatua ya 7: Maua, mahali ambapo wengi hukata tamaa

Baada ya wiki 6 hadi 8 tangu kupanda mbegu, maua ya manjano yatatokea, na ya kwanza yote yataanguka. Hapo ndipo simu huanza kulia.

Maua hayo ni dume. Hutoka kwa vishada kwenye kijiti kirefu, na huanza siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla ya majike. Kuanguka ndiyo kawaida yake. Ua dume halina tunda la kubeba. Ua jike hukaa peke yake, na nyuma ya petali zake tayari lina kidodoki chembamba kama kidole cha mtoto. Mpaka ulione hilo, huna haja ya kubadilisha kitu.

Ua jike nalo likianguka, kidodoki chake kikigeuka manjano na kunywea, basi halikupata chavua. Kwenye ua wa nyumba uliozungukwa na kuta, au juu ya dari la Mji wa Kale, nyuki hawafiki kwa wingi. Fanya kazi yao hivi:

1. Kwa dodoki laini, toka mapema asubuhi, kati ya saa 12 na saa 2. Kwa turia, toka jioni kuanzia kama saa 11 na nusu, maua yakianza kufunguka. Ukimaliza swala ya Magharibi bado unawahi.
2. Chuma ua dume lililofunguka siku hiyo. Ligusishe kwenye ncha ya kidole: lazima uone unga wa manjano.
3. Bandua petali zake, kisha lisugue taratibu katikati ya ua jike, pande zote. Dume moja linatosha majike 2.
4. Funga uzi kwenye kikonyo cha ua hilo, ulitambue kesho.

Wengi wa waliolalamika kwamba turia yao haizai walikuwa wakienda asubuhi, wakakuta maua yamekwisha kunyauka. Hawakukosea mkono, walikosea saa.

Umefaulu ukiona, baada ya siku 2, kitunda kimeinama kuelekea chini na kimenenepa, rangi yake ikibaki kijani.

## Hatua ya 8: Bahasha yenye tarehe

Hapa ndipo bahasha ya kaki inapoingia, na ningependa uipe uzito kuliko hatua nyingine yoyote.

Nzi wa matunda hutoboa dodoki changa na kutaga mayai ndani. Nje utaona kitobo kidogo chenye utomvu, tunda linapinda, na siku chache baadaye ndani kumejaa mabuu. Dawa ya kupuliza haiwafikii walio ndani, na mboga unayochuma kila siku haifai kupuliziwa sumu kali. Kinga ni kumnyima nzi nafasi.

Siku moja au mbili baada ya kuchavusha, petali zikishajifunga, ingiza kidodoki ndani ya bahasha ndefu, au mfuko uliotengeneza kwa gazeti la kurasa mbili. Funga mdomo wake kwa uzi kwenye kikonyo, usikaze. Acha nafasi ya tunda kukua. Halafu chukua kalamu, uandike juu yake tarehe ambayo ua lilifunguka.

Tarehe hiyo ndiyo inayoponya lalamiko la tatu. Dodoki halingojei. Chini ya majani mapana linajificha, linakua mchana na usiku, na jicho hudanganyika likidhani bado. Mfuko ulioandikwa hauna ubishi. Mvua ikiurarua, weka mwingine, andika tarehe ile ile.

Onyo: usikate neti ya mbu iliyotiwa dawa ukaifanya mfuko. Dawa ile haikukusudiwa chakula.

Madodoki yaliyotobolewa na yaliyoanguka usiyaache chini, maana mabuu huingia udongoni na kutoka wakiwa nzi. Zamani tuliyafunga kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuyaanika juani. Tangu marufuku ya mifuko hiyo ya mwaka 2017, mimi huyazamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni siku 3, kisha nafukia kina cha nusu mita.

Kwa vidukari na wadudu wa majani, twanga kilo 1 ya majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha kwenye lita 5 za maji, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza chini ya majani. Kwa dodoki laini nyunyiza jioni, kwa turia asubuhi jua halijakaza, ili usiwaguse nyuki mauani. Ubwiri unga, ule weupe kama unga wa ngano juu ya majani, kata majani yaliyoathirika na uache hewa ipite.

## Hatua ya 9: Kukata

Kwa joto letu, dodoki huwa tayari siku ya 5 hadi ya 8 tangu ua kufunguka. Fungua bahasha siku ya 5. Dodoki laini liwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20. Turia laweza kufika 30 likiwa bado changa.

Usiamini urefu peke yake. Bonyeza kucha kwenye ngozi: ikizama bila nguvu, kata. Ikikataa, umechelewa. Turia likiwa na mbavu ngumu kama ukingo wa sahani, umechelewa pia. Ukilikata katikati, mbegu ziwe nyeupe na laini na usione nyuzi. Nyuzi zikianza, hakuna upishi utakaozirudisha nyuma. Liache mtini likakauke liwe la kuogea.

Pita kichanjani kila siku moja au mbili na kisu. Matunda yakiachwa kukomaa, mmea hupunguza kutoa mapya, kwa hiyo kukata ndiko kunakozidisha mavuno.

## Hatua ya 10: Onja kabla ya sufuria

Kata kipande kidogo kibichi upande wa kikonyo, kiguse ncha ya ulimi. Kikiwa kitamu au hakina ladha, endelea. Kikiwa kichungu, tema, tupa dodoki zima, na usiliweke hata kwenye mchuzi wa watu wazima. Uchungu huweza kutokea hata kwenye mmea mzuri uliopata kiu kali. Mmea unaotoa matunda machungu mfululizo ung'oe.

Turia liparue mbavu tu; dodoki laini menya ngozi nyembamba. Katakata vipande vinene, kwa sababu hunywea sana na kutoa maji yake. Usiongeze maji hata kikombe. Kaanga kitunguu, thomu, nyanya na bizari, tia dodoki, funika dakika 8 hadi 10, malizia kwa tui zito. Kamba wabichi wakiingia dakika za mwisho, wali uwe tayari mezani.

## Mbegu za msimu ujao

Chagua mmea uliozaa vizuri usio na uchungu, na uliache dodoki moja tu, lile la mwisho mwisho. Ngoja hadi ngozi iwe kahawia na mbegu zichezee ndani ukilitikisa. Vunja ncha ya chini, uzimwage kwenye sinia. Zilizo nyeusi na ngumu ndizo za kuweka. Nyeupe na nyepesi tupa. Zianike kivulini siku 7, uzitie kwenye chupa ya glasi kavu, uibandike karatasi yenye aina na mwaka. Ukiwa na dodoki laini na turia pamoja, weka chupa mbili, kwani mbegu zenyewe ni rahisi kuzichanganya, na utahitaji kujua ni ipi ya alfajiri na ipi ya jioni.